Fimbo, Ngoma na Jina la Mlinzi: shajara ya gemu tunalolitengeneza Tanga

Machi

Sehemu ya kwanza ya gemu sasa inachezeka mwanzo hadi mwisho kwenye simu ya kawaida ya Android. Binti mmoja, mjukuu wa mpiga ngoma, anaingia katika mahame ya mji wa kale kando ya bahari ili ajue kwa nini wafu wa mji huo hawatulii. Babu yake yuko naye, ngoma begani. Binti ana fimbo. Hana upanga wala bunduki, na uganga wake wote uko katika maneno aliyoachiwa na bibi.

Mji tumeuchora kwa kuyatazama magofu ya Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa Tanga mjini: msikiti uliobaki kuta, makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo yale matundu ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyovuka bahari. Mabakuli hayapo tena, matundu yapo. Mchoraji wetu aliyakazia macho matundu hayo kuliko kitu kingine chochote pale, na ndiyo yaliyozaa mpango mzima wa hadithi. Kila bakuli linaporudi kwenye nguzo yake, kisa cha aliyelala hapo kinarudi midomoni mwa watu.

Injini tunayotumia, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni Godot. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakwenda vizuri kwenye kompyuta zetu ambazo hazina nguvu nyingi. Hapo sina la kuongeza.

Ninalotaka kulifuatilia katika shajara hii ni jambo moja. Watu huuliza, gemu la kuigiza mhusika linanoga kwa mapigano au kwa hadithi? Naamini linanoga pale mkono wa mchezaji unapofanya uamuzi ambao hadithi imemwomba aufanye. Vikitenganishwa, hata kama kila kimoja kimetengenezwa kwa ufundi, mchezaji anakikimbia kimoja ili awahi kingine: ama anaruka mazungumzo apate kupiga, ama anapiga haraka haraka ili asikie kilichotokea baadaye.

Magemu haya yana ukoo, na ukoo huo unaeleza mengi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotokana na michezo ya vita vya sanamu ndogo, ambapo kete na karatasi ndizo zilizoamua nani kajeruhiwa. Kutoka kwao tumerithi uhai unaohesabiwa kwa namba, leveli na alama za uzoefu. Katika kanuni zile za mwanzo, sehemu kubwa ya alama ilitokana na hazina uliyotoka nayo shimoni, kuliko majoka na mazimwi uliyoyaua. Kwa hiyo wachezaji wenye akili walinyata, walihadaa, walifanya mapatano na adui. Malipo ndiyo yanayomfundisha mchezaji gemu linahusu nini. Ukimlipa kwa kuua ataua, hata hadithi yako ikihubiri amani kuanzia asubuhi hadi magharibi. Binti wetu hakui kwa idadi ya aliowaangusha. Anakua bakuli linaporudi, na anachokipata ni namna mpya ya kushika fimbo, ile aliyokuwa nayo marehemu mwenye bakuli.

Machi, siku za mwisho: fimbo

Mapigano yetu yametoka kwenye kirumbizi, ngoma ya fimbo ya watu wa pwani, ambapo wawili huingia uwanjani wakapimana huku zumari na ngoma zikiwaongoza. Tulikwenda kumwona mzee mmoja fundi wa ngoma. Baada ya shikamoo na kahawa, nilimwuliza mtu hujuaje fimbo ya mwenzake itashuka lini.

"Mwanangu, usimtazame mkononi," alisema. "Mkono ni mwongo. Sikiliza ngoma. Na yeye anaisikiliza hiyohiyo."

Maneno hayo tumeyageuza kuwa kanuni ya kwanza ya mapigano. Babu wa binti anakaa nyuma ya uwanja akipiga ngoma, na kila adui, awe mzimu, awe mnyama, anapigana ndani ya mdundo huo. Mwendo wa kuanzia ni mapigo 90 kwa dakika. Skrini ikibadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo kuna fremu 40, yaani picha 40. Adui anainua fimbo kwenye pigo moja na kuishusha kwenye linalofuata. Mtu wa kawaida anahitaji kama robo ya sekunde kuona jambo na kubonyeza, yaani fremu 15 hivi, basi anabakiwa na nafasi ya kufikiri: akinge, akwepe, au aingie ndani ya fimbo ya mwenzake kabla haijashuka. Kukinga kunakubaliwa ndani ya fremu nane kulizunguka pigo lenyewe. Adui mkubwa akikasirika, babu anakaza mwendo hadi mapigo 120, nafasi inapungua kuwa fremu 30, na vidole vinaanza kutoa jasho.

Fimbo zinapogongana tunaisimamisha picha yote kwa fremu chache. Hili ni jambo dogo ambalo mchezaji halioni, ila analisikia mkononi. Mchoraji alileta cheche na vumbi ili pigo liwe zito. Tulijaribu kuyaondoa yote na kuongeza fremu mbili za kusimama, pigo likawa zito kuliko kwa cheche. Vumbi limebaki, kwa kuwa ardhi ya Tongoni ina vumbi. Cheche zimekwenda, fimbo ya mti haitoi cheche.

Kwa kuwa simu nyingi za hapa zinamudu kuchora picha 30 tu za gemu kwa sekunde, au zinayumba kati ya 20 na 40 zikipata joto, ndani ya programu kila kitu kinapimwa kwa sekunde. Fremu nazitaja hapa kwa sababu ndiyo lugha tunayozungumza tukiwa mezani.

Spika za masikioni zisizo na waya nazo zina mambo yake. Huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ukichukua kwamba nafasi yetu ya kukinga haizidi sana hapo, ngoma inayochelewa kiasi hicho inamwua mchezaji asiye na kosa. Dawa ya kawaida ni ukurasa wa mipangilio wenye kitufe cha kupimia, na hakuna anayeufungua. Sisi upimaji tumeuweka ndani ya hadithi. Tukio la kwanza kabisa ni babu akimfundisha mjukuu: anapiga, anamwambia "nifuate," na mchezaji anagonga skrini kumfuata. Wakati babu akimsifu au kumkosoa binti, programu inapima tofauti kati ya sauti na kidole, kisha inasogeza gemu zima likae sawa. Mchezaji anajua tu kwamba alifundishwa ngoma na babu yake.

Wapo wanaocheza bila sauti kabisa, ndani ya daladala au usiku watoto wakiwa wamelala, na wapo wasiosikia. Kwao kuna duara la ngozi ya ngoma chini ya skrini linalobana kila pigo linapokaribia, na simu inatetema.

Aprili, mvua haikatiki

Tumepeleka gemu kwenye kibanda kimoja cha gemu Ngamiani. Vijana wa pale wanakesha na mpira wa PlayStation, mikono yao ni myepesi kuliko yetu sote, na hawana subira na mtu anayewasomea. Ndiyo maana niliwataka.

Kijana wa kwanza alikata mazungumzo yote ya mwanzo kwa dole gumba, gonga, gonga, gonga, maneno ya bibi yakapita yasisomwe. Akafika kwenye lango la makaburi ambako mlinzi amesimama. Alikinga vizuri mara ya kwanza, alipochapwa ya pili akainua kichwa.

"Sasa huyu ananipigia nini?"

Wenzake wakacheka, lakini lile ni swali zito kuliko yote tuliyowahi kuulizwa. Jibu lilikuwa kwenye maandishi aliyoyakata. Ningeweza kumzuia asiyakate, kama wanavyofanya wengine. Ila kijana yule alikuwa na haki ya kuyakata, maana yalikuwa yamesimama kati yake na mchezo, na mchezo wenyewe haukumwambia kitu.

Kwa hiyo hadithi tumeihamishia ndani ya pigano. Na hapa pwani chombo cha kufanyia hivyo kipo tayari: malumbano. Washairi wetu wamepigana kwa beti tangu zamani, mmoja anatupa, mwingine anajibu kwa bahari ileile, yaani muundo uleule wa shairi, na vina vilevile. Shaaban Robert alizaliwa hukuhuku Tanga, Vibambani, mwaka 1909, na mtoto wa hapa akifika sekondari ameshahesabu mizani ubaoni mpaka amechoka. Dada yetu mtunzi akachukua mshororo wa kawaida wa mizani 16, yaani silabi 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), akaupanga juu ya ngoma. Mizani mbili kwa kila pigo. Ukwapi unajaza mapigo manne, utao mapigo manne. Fimbo ya mlinzi inashuka kwenye kina, cha kati na cha mwisho.

Mlinzi wa lango sasa anapigana akisema hivi:

*Nani kakupa idhini, kupita langoni pangu,*
*Ndimi mlinzi wa ndani, nalinda wafu wa kwangu,*
*Taja jina la nyumbani, litaje mwana mwenzangu,*
*Au rudi baharini, uyaache mambo yangu.*

Pigo kwenye -ni, pigo kwenye -ngu. Mwenye sikio la shairi hahitaji hata kutazama skrini, anajua fimbo itakuja wapi kwa sababu anajua kina kitakuja wapi. Asiye na sikio hilo analipata pale pale, beti ya pili haijaisha.

Na mlinzi anauliza jambo. "Jina la nyumbani" ni lile aliloitwa na mama yake alipokuwa mtoto, nalo bibi wa binti alilitaja mwanzoni, mara moja tu, akisimulia mengine. Beti ikifika mshororo wa tatu, majina matatu yanatokea juu ya ngozi ya ngoma, na mchezaji ana mapigo manne ya kuchagua huku akiendelea kukinga. Ukilitaja lililo sahihi, mlinzi anashusha fimbo na kukukabidhi bakuli lake. Usipolijua unaweza kumshinda kwa fimbo, lango litafunguka, ila bakuli linapasuka naye na kisa chake hakitasikika tena katika mchezo huo. Njia zote mbili zinapita.

Tuliporudi kibandani, kijana yuleyule alikata mazungumzo kama kawaida yake. Akafika kwa mlinzi. Beti ya kwanza alikinga tu. Ya pili dole lake likaanza kwenda na kina, niliona, alikuwa anatikisa kichwa. Ya tatu akasimama kushambulia kabisa.

"Subirini, anauliza jina. Bibi alimwitaje? Nani kasikia?"

Binti mmoja aliyekuwa akichungulia begani mwake, aliyecheza kabla yake, akasema, "Kombo." Akalibonyeza. Mlinzi akashusha fimbo, na kijana akarudisha gemu mwanzo kabisa, akamsikiliza bibi tangu neno la kwanza.

Katika kazi hii yote sijaona kilichonifurahisha kuliko hicho. Pigano limempeleka kwenye hadithi.

Dada mtunzi ana msimamo ambao sasa ni sheria kwetu. Nilimwomba aongeze beti moja ya mlinzi kueleza mji ulivyohamwa. Alikataa. "Mtu anayepigana hasimulii historia, kaka. Anauliza, anatisha, anamwita mtu." Historia imebaki kwenye nguzo na mabakuli, na beti za mapigano zinauliza, zinatisha, zinaita.

Kutokana na beti hizo amepatikana adui ambaye nisingeweza kumbuni kwa namba peke yake. Ni mfu aliyekuwa mshairi, akarukwa na akili, na anasema guni. Mizani zake zinapungua na kuzidi, vina vinamtoka ovyo, na fimbo yake inafuata vina hivyo. Mchezaji aliyeanza kujiamini anakuta masikio yake yanamdanganya. Namna ya kumshinda ni kumkamilishia mshororo: akibakisha mizani mbili, gonga mara mbili mahali pake, anatulia kwa beti nzima. Vijana wa kibandani wanamwogopa kuliko jitu lolote, na baadhi wamemwonea huruma.

Mei mwanzoni: tunayoyafuta

Tumepitia kila pigano tukiwa na swali moja: likiisha, nani anajua nini ambacho hakukijua? Pasipo jibu, linaondoka. Mapigano mengi ya njiani yameondoka. Kaa wakubwa wa ufukweni walikuwa wamechorwa vizuri mno na mchoraji aliwatetea kwa nguvu, basi wamebaki na kazi nyingine: mmoja anaiba bakuli na kukimbia nalo matopeni, inabidi umfukuze kabla maji hayajajaa. Hapigwi mtu.

Pia tumepunguza uhai wa maadui wote. Adui mwenye uhai mwingi asiye na ujanja mpya ni kupukuchua mahindi: unajua mwisho wake tangu punje ya kwanza, na vidole vinauma bure. Mlinzi wa lango anaanguka kwa mapigo machache ya maana. Akihitaji kudumu, atadumu kwa beti.

Mei katikati: waliotutangulia

Nimerudia magemu ya wengine nikiwa na daftari. Nitaandika kuhusu yaliyonifundisha tu.

La kwanza ni Mother 3, la Shigesato Itoi, lililotoka Japani mwaka 2006. Mapigano yake ni ya zamu, lakini ukigonga kitufe kwa mdundo wa muziki pigo linajirudia, hadi mapigo 16. Nyimbo za mapigano ni nyingi, na adui akilala unasikia moyo wake ukidunda, hapo unaujua mdundo wake wa kweli. Ukifika pigano la mwisho, anayekukabili ni ndugu yako pacha. Amri ya kushambulia ipo kwenye skrini, ila mhusika wako hawezi kumpiga. Unaweza kujikinga na kuvumilia tu. Saa zote ulizotumia kujifunza kupiga zinageuka kuwa huzuni, na hakuna maneno ambayo yangeifanya kazi hiyo.

La pili ni Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Aerith, mmoja wa wenzako wa safari, anauawa mbele yako, na papo hapo pigano linaanza. Muziki wa vita hauji. Wimbo wake Aerith unaendelea palepale ulipokuwa, nawe unabonyeza amri zilezile za kila siku huku wimbo wa msiba ukiwa chini yake. Nimelicheza pigano hilo nikilipima kama fundi: ni jepesi, na mtu akilicheza bila kujua hadithi hatakumbuka chochote. Kwa aliyefika hapo na Aerith, ni kati ya mapigano yasiyosahaulika.

La tatu limetoka karibu zaidi na kwetu. Aurion: Legacy of the Kori-Odan lilitengenezwa na Kiro'o Games huko Yaoundé, Kameruni, likatoka mwaka 2016. Enzo amepinduliwa siku anayopaswa kutawazwa, anazunguka dunia kutafuta nguvu za wahenga wake, na mkewe Erine yuko naye katika mapigano akimtia nguvu. Ndoa yao imesimuliwa ndani ya pigano: unamtegemea, unamkosa akiwa hayupo. Na wale walitengeneza bila kusubiri mtu awaambie kwamba ngano za Afrika zinafaa.

Mei mwishoni: babu

Babu anafariki mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Hilo tulilijua tangu mwanzo. Hatukujua tutalisimulia vipi, hadi nilipokuwa nikisikiliza lile pigano la Final Fantasy VII kwa mara nyingine.

Katika mapigano yote tangu tukio la kwanza, ngoma ni babu. Anaonekana nyuma ya uwanja, anatikisa kichwa, ukikinga vizuri anaongeza madoido. Pigano la kwanza baada ya mazishi linaanza kama mengine, adui anainua fimbo, na ngoma haipo. Duara la ngozi chini ya skrini halipo. Simu haitetemi. Kuna upepo, nyayo, na bega la adui likipanda.

Mchezaji wa kwanza kulifikia alidhani simu imeharibika. Aliongeza sauti, akachomoa spika za masikioni akazirudisha, akanitazama. Kisha akatazama mahali babu anapokaa. Hakusema kitu, akarudi kwenye pigano, akawa anagonga paja lake kwa mkono wa kushoto ili apate mdundo.

Kugonga paja kumeingia kwenye gemu. Kuanzia sehemu ya pili, binti anajipigia mwenyewe: kidole cha kushoto kinashikilia mwendo, cha kulia kinapiga fimbo. Ni kugumu zaidi, na tumepanua nafasi ya kukinga ili mtu asikate tamaa. Lakini ugumu huu una sababu ambayo mchezaji anaijua moyoni kabla hajasoma popote kwamba sasa mambo ni magumu.

Juni: Amboni

Tumekwenda Mapango ya Amboni kurekodi sauti. Ni pango la chokaa, popo wengi, na ukizima tochi mkono wako mwenyewe huuoni. Tulizima. Mchoraji alikuwa wa kwanza kuomba tuwashe, na tulipowasha alisema hatua ya pango katika gemu haihitaji michoro mingi, akaanza kufuta aliyokuwa ameandaa.

Ndani ya pango la gemu skrini ni nyeusi. Mdundo pekee ni tone la maji. Adui anasikika upande wa kushoto au wa kulia, na fimbo yako ikigonga ukuta mwangwi unakuonyesha umbo la chumba kwa muda mfupi. Kwa wasiosikia, simu inatetema kwa namna tofauti kila upande. Tone halina huruma kama babu: halikazi, halilegezi, halikusubiri. Binti aliyejifunza kujishikia mwendo ndiye atakayepita.

Sauti za popo tulizozipata ni nzuri kuliko tulivyotarajia.

Juni mwishoni: jitu la kisimani

Sehemu ya tatu ina adui mmoja tu wa kweli, na ametoka kwenye simulizi ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, ambayo kila mtu wa pwani ameisikia kwa babu au bibi. Silaha zote zilimshindwa, isipokuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate. Naye Liyongo akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akafia hapo akiwa amepiga goti na mshale umeelekezwa, na watu wakakosa maji kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Ukilitazama kama mtengeneza gemu, simulizi hiyo imejaa kanuni za mapigano. Adui asiyejeruhiwa kwa nguvu, anayejeruhiwa kwa siri tu. Siri iliyo mikononi mwa anayempenda. Na ushindi unaowanyima washindi maji. Hata kisa cha kufungwa kwake ni kanuni tayari: mama alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wakaudharau mkate, na kelele za ngoma ya gungu zikaficha sauti ya tupa ikikata minyororo. Tukio hilo tumeligeuza kuwa hatua nzima, mchezaji anakata chuma kwenye mapigo ya ngoma tu, na nje ya pigo mlinzi anasikia.

Jitu letu lina jina lake na kisa chake. Hatumrudii Liyongo, tunaazima sheria zake. Linalinda kisima, nalo kwa binti ni kama baba mlezi tangu babu afariki. Fimbo hailijeruhi. Unaweza kupambana nalo upendavyo na namba ya uhai haishuki hata kidogo, na halikuui, linakuangusha na kukuinua. Wenye mji wanataka lifariki. Sindano inawekwa mkononi mwako.

Tulibishana sana kuhusu kitufe cha kuchoma. Mchoraji alitaka tukio hilo lijiendeshe lenyewe, mchezaji atazame. Dada mtunzi alitaka mchezaji aweze kukataa. Nami nimeshikilia kwamba akitazama tu, itakuwa kosa la mtengenezaji wa gemu, na mchezaji ataingia sehemu ya mwisho akiwa hana doa. Tumekubaliana hivi: kitufe kipo, na kukataa kupo. Ukichoma, jitu linakwenda kufia kisimani, na kuanzia hapo kisima kilichokuwa kinakurudishia uhai hakifikiki. Utapigana mapigano yote yaliyobaki ukiwa na uhai ulio nao. Ukikataa, wenye mji wanakuwa adui zako, wakiwemo waliokufundisha fimbo, na kila mmoja anakujia na beti anayoijua binti tangu utotoni.

Kuhusu siri ya shaba, hatutaki mtu aambiwe na mzee barabarani. Dada anaiweka kwenye vina. Beti zote za jitu zinaishia -ba kwenye utao, na fimbo yake inashuka hapo, mshororo baada ya mshororo: haba, toba, tiba, msiba. Neno shaba halilisemi hata mara moja, linalikwepa. Mwenye sikio atagundua ni neno gani halijatajwa. Beti mbili za mwisho bado zinatafutiwa maneno, kwa kuwa hakubali kulirudia neno moja kwenye kina, na mzee wa ngoma ametuahidi ngoma za vumi na msondo mara tu zitakapokamilika. Kwa sasa narekebisha tukio la tupa, ambalo kwenye simu za fremu 30 bado linamsikilizisha mlinzi hata pale mchezaji alipokata juu ya pigo.